Landlord ya kupika nyumbani: usiguse hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), anza na maji

Mkuu, nimekusoma. Uko Reading, kusini mwa Uingereza, uliizoea bia ya Timothy Taylor's Landlord enzi unafanya kazi Bradford kule kaskazini, ukapika ndoo yako ya lita 23 kwa vipimo ulivyovikuta mtandaoni, na kilichotoka ni bia inayouma ulimi kama soda, uchungu unang'ang'ania kooni, halafu kuna kaharufu ka dawa ya hospitali. Unauliza ubadilishe hopsi zipi. Mimi nasema usibadilishe hata moja. Vipimo ulivyobandika havina ubaya, vinakaribiana sana na vyangu. Kinachokuangusha ni maji ya bomba, sukari ya kwenye chupa, na friji.

Fungua birika lako la umeme uchungulie ndani. Ule ukoko mweupe ni chokaa, na Reading mmejaaliwa. Maji ya namna hiyo yanazuia asidi ya kimea kufanya kazi yake wakati umekiloweka, matokeo yake maganda ya shayiri yanatoa ukakasi na uchungu wa hopsi unakuwa mkali, wa kukwaruza. Keighley, karibu na Bradford, inakopikwa Landlord na kampuni iliyoanza 1858, kiwanda kinachota kwenye chemchemi yake chenyewe, Knowle Spring, na maji ya upande ule wa milima ya Pennines ni laini ukilinganisha na ya kwenu. Una njia mbili. Ya kwanza, chemsha maji robo saa usiku, yaache yapoe yatulie, asubuhi mimina ya juu taratibu, chokaa inabaki chini. Ya pili, ambayo wavivu kama mimi tungeifuata tukiishi huko kusini, ni kununua maji ya Ashbeck pale Tesco, maana hayana madini mengi, ukaanza upya. Kwa lita 30 za maji laini weka gramu 6 za jasi na gramu 3 za kloridi ya kalisi. Jasi ni ile ile inayochimbwa Makanya kule Same, ila wewe nunua ya daraja la chakula, usije ukaingia duka la vifaa vya ujenzi. Jasi ndiyo inayofanya uchungu wa bita (bia ya Kiingereza ya aina hii ya Landlord) uwe mkavu na msafi.

Hiyo harufu ya hospitali ni kloramini. Kampuni za maji zinaiweka kuua vijidudu, na ikikutana na kimea na hamira inazaa hicho ulichokinusa. Usitegemee kuichemsha iishe, inang'ang'ania kuliko klorini ya kawaida. Saga nusu ya kidonge cha Campden (ni cha salfiti, kinauzwa kwa wapika bia), koroga kwenye maji yote kabla hujaanza, subiri dakika chache, basi. Kama umechagua maji ya bomba, usikiruke kidonge hicho hata siku moja.

Sasa vipimo, kwa faida ya wengine wanaopita humu. Kilo 4.3 za kimea cha Golden Promise na gramu 30 hadi 40 za kimea cheusi kwa ajili ya rangi tu. Waliokulia kwenye mbege wanajua habari za kimea cha ulezi, hiki ni cha shayiri. Golden Promise yenyewe ni mbegu ya Uskoti iliyopatikana kwa kuipiga shayiri ya zamani miale ya gama, ukiikosa tumia Maris Otter na hakuna atakayekukamata. Loweka saa nzima kwenye nyuzi 66 au 67, suuza machicha, chemsha dakika 60. Mwanzoni mwa kuchemka weka hopsi: Fuggles gramu 35 na Goldings gramu 30. Zikibaki dakika 10 tupia Styrian Goldings gramu 25 pamoja na nusu kidonge cha mwani. (Kinachofanya kazi humo ni karajinani, na mwani wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani unanunuliwa kwa ajili ya kitu hicho hicho.) Zima moto, acha ishuke hadi nyuzi 80, weka Styrian nyingine gramu 30, funika dakika 20. Hapo ndipo inapopatikana ile harufu ya ganda la chungwa unayoikumbuka. Haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyomo, isome 1.042 au karibu yake.

Utaona ni vitu vichache mno. Watu wakiona hivyo wanaanza kuongeza kimea cha karameli, sijui na asali, wakidhani kuna siri imefichwa. Bia hii imechukua ubingwa wa CAMRA, chama cha wapenzi wa bia za asili Uingereza, uitwao Champion Beer of Britain, mwaka 1982, 1983, 1994 na 1999. Ladha yake haitokani na wingi wa vitu.

Hamira ndiyo isiyo na mbadala. Umesema ulitumia S-04 ya unga. Hiyo inatoa bia nzuri tu, lakini haitakuwa hii. Tafuta Wyeast 1469, West Yorkshire Ale. Wapikaji wengi wa huku wanaamini asili yake ni Keighley kwenyewe, na mimi nikionja nakubaliana nao. Ianzishe kwenye nyuzi 18, siku ya pili au ya tatu iache ipande hadi 20 au 21. Inapanda juu ikajaa povu zito lenye mabaka ya kahawia, kwa hiyo ndoo iwe na nafasi ya kutosha, vinginevyo asubuhi utadeki sakafu. Usiifukuze. Iache mpaka haidromita isome namba ile ile siku mbili mfululizo, kama 1.010 hivi, kisha uipe siku kadhaa zaidi itulie.

Halafu sukari. Uliweka gramu 140 kwenye ndoo nzima kabla ya kujaza chupa, kama karatasi ya dukani ilivyosema. Kipimo hicho ni cha lager. Bita ya pipa haina gesi ya kukupiga puani, ina ule mchomo mdogo tu ulimini. Kwa lita 23 weka gramu 65, ukiwa jasiri shuka hadi 50.

Kuinywa nako kuna utaratibu. Nyuzi 11 hadi 13, basi. Ukiitoa kwenye friji ya nyuzi 4 na kuimimina hapo hapo, umelipia Styrian bure, hutazisikia. Na kwa kuwa ulizoea ya Bradford, ile yenye povu laini linaloshikilia glasi hadi chini, kuna ujanja: mimina glasi yako, vuta bia kidogo kwa bomba jipya la sindano lisilo na sindano, mililita 10 zinatosha, kisha irudishe kwa nguvu humo humo ndani ya bia. Glasi nzima itageuka maziwa, itaanza kujisafisha kutoka chini kwenda juu, na povu litakaa. Watu wa London watakucheka, waache.

Kuhusu kuotesha hamira kutoka kwenye chupa ya Landlord ya dukani, usijisumbue, haina hamira hai ya kukusaidia. Wala usiilinganishe bia yako na chupa hiyo, ina asilimia 4.1 wakati ya pipa ni 4.3, na ladha yake imetulia mno. Tafuta baa inayouza ya pipa, uonje hiyo. 1469 ukiikosa hapo mjini, iagize siku ya Jumatatu ili isilale ghalani wikendi nzima, maana ni hamira ya majimaji na joto linaichosha, na ikifika iweke kwenye friji mpaka siku ya kupika.