Gari la familia kwa milioni 18: wasomaji wanauliza, mafundi wanajibu

Nina mke, watoto watatu na mama mkwe ambaye Jumapili lazima twende naye kanisani. Bajeti yangu ni milioni 18, na hapo ndipo mwisho. Naishi Kimara Temboni, kazini ni Posta. Nataka gari la kisasa: kamera ya nyuma, skrini ya kugusa, kuwasha kwa batani. Dalali ananivuta kwenye Noah ya 2004, mke wangu anataka Sienta, mimi naipenda Wish. Nichukue lipi?
*Baba wa watatu, Kimara*

Kaka, kwanza toa milioni 2 kwenye hizo 18, ziweke pembeni na dalali asijue kama zipo. Gari lolote la mkononi litazidai ndani ya mwezi wa kwanza: oili na filta, oili ya giaboksi, kulanti, plagi, brekipedi, pengine matairi mawili, bima na gharama za kuhamisha umiliki. Kwa hiyo unatafuta gari la milioni 16.

Pili, orodha yako ya ukisasa umeishika kichwa chini. Kamera na skrini hufungwa Kariakoo kwa siku moja, na hata kuwasha kwa batani kuna wanaofunga. Kisichofungwa Kariakoo ni ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga ukipiga breki), mfumo wa kuzuia gari kuteleza (Toyota wanauita VSC), eabegi, mkanda wa pointi tatu kwa kila siti na ndoana za ISOFIX za kiti cha mtoto. Hivyo vimekuja na gari kutoka kiwandani au havipo kabisa. Ukikuta magari mawili bei moja, moja lina skrini kubwa na lingine lina VSC, chukua la VSC. Skrini utaifunga mwezi wa tatu.

Eabegi nazo zina lao. Mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Nissan na Mazda ya miaka ya 2000 yaliitwa na viwanda ili yabadilishiwe vifyatulio vya eabegi vilivyotengenezwa na kampuni ya Takata. Kemikali iliyomo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na siku ya ajali kopo la chuma hupasuka na kurusha vipande usoni mwa dereva. Joto na unyevu wa miaka mingi, yaani Dar yenyewe. Tovuti ya Toyota ya Japani ina sehemu ya kuingiza namba ya chasisi na kuona kama gari hilo liliitwa na kama lilitengenezwa. Ni ya Kijapani, lakini simu itakutafsiria.

Sasa magari yenyewe. Noah ya 2004 ni ile yenye chasisi inayoanza na AZR60, na injini yake ni 1AZ-FSE, wenyewe wanaiita D4. Hupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo pampu yake ni ya presha kubwa na ya bei kubwa, na masizi hujaa kwenye manifodi (mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini) hadi sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inapanda na kushuka yenyewe. Baya zaidi, nyuzi za bolti za silinda hedi hulegea ndani ya bloku. Gari likichemka mara moja, gasketi mpya peke yake haitakusaidia. Kwa mtu wa kukaa foleni ya Ubungo asubuhi na jioni, achana nayo.

Wish ya kizazi cha kwanza, 2003 hadi 2009, yenye chasisi ZNE10 ni gari zuri la kuendesha. Injini yake 1ZZ-FE ya cc 1800 ni ngumu, ila za mwanzo, kabla ya 2005 hivi, zinasifika kwa kunywa oili: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo, yakiziba ringi zinabana. Dawa ya kuligundua ni rahisi. Acha injini ingurume palepale dakika tano bila kugusa mafuta, kisha kanyaga ghafla huku mwenzako anaangalia ekzosi. Moshi wa bluu ukitoka kwa mkupuo, muage muuzaji.

Mkeo yuko sahihi. Sienta ya NCP81 (kizazi cha 2003 hadi 2015) inatumia 1NZ-FE ya cc 1500, injini ileile ya IST ya 1.5 na Raum, kwa hiyo spea Gerezani na Ilala hukosi hata Jumamosi jioni. Oili yake ni lita 3.7 ukibadilisha na filta, tumia 5W-30. Siti ya tatu hujikunja na kuzama chini ya siti ya kati, ukabaki na buti halisi. Milango ya pembeni ni ya kuteleza, na watoto hawataigonga gari ya jirani.

Udhaifu wake ni mambo mawili. Mlango wa umeme huvutwa na kebo na mota, na vyote huchoka: ufungue na kuufunga mara tano mfululizo, ukisita au ukilia kama mashine ya kusaga, punguza bei. Lingine ni giaboksi. Sienta inayovutwa na magurudumu mawili ina CVT, giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia, na inataka oili ya CVT ya Toyota iliyoandikwa TC au inayolingana nayo. Kuna mafundi wanaoweka ATF, oili ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki, kwa sababu "zote ni nyekundu". Mkanda wa chuma wa ndani huanza kuteleza, na miezi michache baadaye gari linanguruma bila kwenda.

Mama mkwe asikae siti ya tatu. Hiyo ni ya watoto. Magoti ya mtu mzima hayana pa kwenda.

Nimeonyeshwa Raum ya 2005, namba D, wanasema imetembea kilomita 68,000 tu na ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima. Ina skrini mpya ya Android na rangi inang'aa. Nitajuaje kama hizo kilomita ni za kweli, na nikague nini?
*Mwalimu, Tegeta*

Dada, chukua kalamu. Kilomita 68,000 kugawanya kwa miaka 20 ni 3,400 kwa mwaka, kama 9 kwa siku. Kutoka kwako hadi Mwenge tu ni zaidi ya hizo. Inawezekana, lakini gari lenyewe lazima likubaliane na hesabu. Angalia raba ya pedeli ya breki: kwa kilomita 68,000 mistari yake bado ipo. Ikiwa imekwisha na upande mmoja umelainika, au ni mpya kabisa kwenye gari la zamani, kuna jambo. Pitisha kidole kwenye usukani kushoto na kulia, pale mikono ya dereva hukaa, na kwenye ukingo wa siti ya dereva upande wa mlango, pale mtu anapojisugua akishuka. Halafu fungua mlango wa dereva na boneti utafute stika za Kijapani za kubadilisha oili. Maandishi huwezi kuyasoma, tarakimu unaziweza. Stika ikisema 112,000, mazungumzo yameisha.

Nenda asubuhi na umwambie muuzaji asiwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine, maana injini mbovu hujificha ikishapata joto. Ikiwa baridi, fungua mfuniko wa kujazia oili na uangalie chini yake: utando mweupe kama maziwa ya mgando ni maji yameingia kwenye oili. Fungua mfuniko wa rejeta, baridi hivyohivyo. Kulanti iwe na rangi safi, nyekundu, ya waridi, kijani au bluu. Maji ya kahawia maana yake wamekuwa wakijaza ya bomba, na kutu imeshaanza kula pampu. Kisha washa huku mfuniko ukiwa wazi: viputo vidogo vikiendelea kuja bila kukoma hata baada ya dakika kadhaa, gasketi ya silinda hedi inapitisha. Muulize pia kama themostati ipo. Mafundi wengi wa mjini huitoa gari likichemka mara moja, na tangu hapo injini haifiki joto lake na mafuta yanakwisha haraka.

Rangi inayong'aa isikutishe wala isikufurahishe. Tazama bolti zinazoshika mabawa ya mbele na boneti. Zikiwa zimechubuka rangi kwenye kona, spana imepita hapo, kwa nini? Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu.

Mji wetu una Jangwani na una mvua za masika, kwa hiyo tafuta alama za mafuriko. Vuta mkanda wa dereva hadi mwisho wake. Mstari wa tope hujificha kwenye sehemu ile isiyotumika. Nyanyua zulia la buti uone pa tairi la akiba, kisha reli za siti. Gari lililolala majini linaweza kwenda vizuri miezi mitatu, halafu soketi za waya zikaanza kuoza moja moja na kila fundi akakupa ugonjwa tofauti.

Kwenye dashibodi, geuza funguo hadi ON bila kuwasha. Taa ya eabegi lazima iwake kama sekunde 6 kisha izime. Isipowaka kabisa imefichwa, na pengine eabegi zilishafyatuka. Hilo huwezi kuliona kwa jinsi gari linavyong'aa.

Barabarani panda nalo mlima wa Chuo Kikuu ukiwa na AC imewashwa na watu wanne ndani. Giaboksi isiteleze, mshale wa joto usisogee. Ukisimama, badili kutoka D kwenda R: lishike ndani ya sekunde moja hivi, bila kukupiga mgongoni. Mwisho lipe fundi wako, si wa dalali, alipime kwa mashine. Mwambie asiangalie makosa tu, aangalie na vipimo vya utayari vya kompyuta ya gari, vinavyoonyesha kama imemaliza kujikagua. Vikionyesha havijakamilika, pengine kuna aliyefuta makosa jana usiku.

Malipo yapite benki kwa jina lililo kwenye kadi, mkataba mbele ya wakili, na namba ya gari iangaliwe mtandaoni deni la faini za trafiki na la maegesho kabla hujatoa shilingi. Umiliki uhamishwe TRA mara moja. "Nitakupa kadi wiki ijayo" ni sentensi ya kukufanya usimame na kuvaa viatu.

Aqua inasifiwa kwa mafuta na vitu vya kisasa, lakini wananiambia betri ikifa ndiyo basi. Ni kweli?
*Mama wa wawili, Kigamboni*

Ni kweli nusu. Aqua ni haibriti, gari la petroli na umeme, na huzima injini kwenye foleni, ndiyo maana mjini inanusa tu mafuta. Haina altaneta wala stata ya kawaida, hivyo viwili haviwezi kukusumbua. Betri yake kubwa ya volti 144 ina moduli 20, na adui yake namba moja ni joto. Hupozwa kwa feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo kwenye siti ya nyuma. Watu huegemeza mabegi pale, vumbi likaziba, betri ikapikika taratibu. Kabla ya kununua chungulia tundu hilo. Likiwa limevaa blanketi la vumbi na nywele, betri imeteseka. Kisha fundi aendeshe huku mashine inaonyesha volti za kila jozi ya moduli: gari likivuta, jozi moja ikishuka kwa volti 1 au zaidi kuliko wenzake, inakufa. Mashine ikionyesha kosa P0A80, kompyuta ya gari inadai betri kubwa ibadilishwe.

La pili halisemwi sana. Kompresa ya AC ya haibriti ni ya umeme na inatumia oili maalumu, ND-11. Fundi wa gesi akiiongezea oili ya kawaida ya PAG, umeme huanza kuvuja kwenye bodi na gari hukataa kuwaka. Na waya za rangi ya chungwa asiziguse mtu asiyesomea. Mfumo wake unafika volti 520.

Niagize Japani mwenyewe au ninunue yadi?
*Mfanyabiashara, Tabata*

Ukiagiza, anza na kikokotoo cha TRA kabla ya kuangalia picha. TRA haihesabu kwa risiti yako bali kwa thamani iliyo kwenye mfumo wake. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT 18, ushuru wa bidhaa kulingana na cc, na juu yake nyongeza ya umri: asilimia 15 kwa gari lililozidi miaka 8, asilimia 30 likizidi 10. Ndiyo maana la miaka 9 lililo ghali kidogo Japani linaweza kufika rahisi kuliko la miaka 11.

Dai karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari lilipouzwa mnadani Japani. Daraja 4 au 3.5 ni zuri, R au RA ni gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni palipopigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. S ni kutu, na kutu ya chini ya gari Dar haitulii. Magari ya kuanzia 2015 yenye kamera nyuma ya kioo cha mbele ya kuonya na kufunga breki yanavutia, ila kioo kikipasuka na kubadilishwa, kamera lazima ipimwe upya kwa mashine. Bila hivyo mfumo huo usiutegemee.

Nimebadili betri, redio imeanza kuongea Kijapani na kudai kitu. Hata kabla ya hapo FM ilikuwa inashika stesheni chache.
*Kijana wa Mbagala*

Inadai kadi ya SD ya ramani au neno la siri. Skrini itaonyesha namba ya utambulisho ya redio. Ipige picha, wapo mafundi wa redio wanaopata neno la siri kwa namba hiyo. Safari nyingine unganisha betri ya pili kwa waya za kushtulia kabla ya kutoa ya kwanza, na uangalie ncha zisigusane. FM ya Japani huanzia 76 na nyingi huishia 90, sisi tunaenda hadi 108, kwa hiyo 88 utaipata, 93 huipati. Kuna kifaa kidogo cha kushusha masafa kinachochomekwa kwenye waya wa antena.

Ukiamua kufunga Android, nunua na soketi ya kuunganishia ya gari lako. Anayekata waya za kiwandani mfukuze. Gari likizimwa, umeme unaovuja usizidi ampia 0.05, la sivyo asubuhi gari haliwaki. Na mwambie apime kwanza kamera ya nyuma: nyingi za Toyota za kiwandani hutumia volti 6, akiipa 12 inaungua hapohapo.