Usizikate hizo siku za baada ya kuzaa!

Nimesoma swali lako nikisonga ugali, nusura uungue. Una mimba ya miezi saba, uko Nakuru, umepata doula (mama wa kulipwa akusaidie kwenye leba na nyumbani baada ya kuzaa), na sasa unataka kupunguza bei kwa kuzitoa zile siku kumi za kukuhudumia nyumbani ubaki na leba tu kwa sababu "mama atakuja". USIFANYE HIVYO. Mimi nilifanya vivyo hivyo hapa Kisumu mwaka wa 2022, na wangu pia alikuwa anakuja.

Nililipa Sh18,000, zote za leba. Kuzaa kwenyewe kulikuwa bure, enzi za Linda Mama, ule mpango wa serikali, kwa hiyo nikajiona tajiri. Uchungu ulipoanza doula alikuja kwangu Mamboleo usiku, na sitamsingizia: alinikanda kiuno, akanitembeza sebuleni, akanikumbusha hadi kukojoa. Saa tisa usiku tukafika hospitalini. Mlangoni mwa leba nesi akamtazama, akanitazama, akasema, "Mama peke yake." Vitanda vimebanana, wenzangu wako uchi, ningebisha vipi? Doula akakaa kwenye benchi hadi asubuhi. Sijui kama Kisumu kuna benchi iliyowahi kukodishwa kwa bei hiyo. (Ndiyo, najua WHO ilipendekeza mwaka wa 2018 kila mama awe na mtu anayemtaka anapojifungua. Msomee nesi wa zamu ya usiku uone. Wewe uliza hospitali yako mapema, usingoje mlangoni kama mimi.)

Lakini benchi nimesamehe. Mtoto alizaliwa saa mbili asubuhi, nikalazwa siku moja, nikaruhusiwa. Doula akatuombea, akaenda zake. Kazi niliyomlipia ilikuwa imekwisha. Mama akaja kweli kutoka Butere, akakaa siku tatu, ng'ombe akaugua, akarudi. Mama mkwe akashika zamu, na kwake hakuna tatizo lisilotibiwa na uji wa wimbi. Siku ya tano nikaanza kutetemeka. "Ni maziwa yanaingia. Kunywa uji." Siku ya sita damu ikaanza kunuka. Pedi kama hiyo unamwonyesha nani, mama mkwe? Nikaificha. Mume wangu nikamwambia ni malaria, na hapa kwetu ukisema malaria hakuna anayeuliza swali la pili. Akaninunulia vidonge.

Siku ya tisa nikabebwa kwa tuktuk, siwezi hata kukaa wima. Kipande cha kondo la nyuma kilikuwa kimebaki ndani kikaoza. Nikasafishwa, nikalazwa siku sita, mtoto nyumbani ananyweshwa kwa kikombe. Bili ilikuwa Sh47,000. Zile siku kumi nilizokataa? Sh9,000. Hesabu sikuwa mbaya shuleni, naapa.

Na aliyenipoteza namjua. Dada mmoja kwenye kikundi chetu cha wajawazito cha WhatsApp aliandika kwamba doula wa baada ya kuzaa ni hausigeli wa matajiri. Tukacheka sote, mimi nikicheka zaidi. Baadaye ndipo nikasikia kwamba nyumbani kwake alikuwa na shangazi, nesi mstaafu, analala chumba cha pili! Hicho kipande hakukiandika.

Sikilizeni, doula si mkunga. Hapimi njia, hadungi sindano, na kwangu hangetibu chochote. Lakini angefika siku ya tano, angeuliza damu ikoje, ina harufu gani, na ningemjibu kwa sababu yeye si mama mkwe wangu. Jioni hiyo hiyo angenitoa kwenye uji akanipeleka hospitalini.

Mtoto wa pili, 2024, leba niliingia peke yangu kwa kupenda, pesa yote nikaiweka kwa doula wa siku za nyumbani. Yule mama alikuja akanionyesha jinsi mtoto anavyoshika titi, mdomo wazi kabisa, si kunyonya ncha tu. Akafukuza wageni. Akaniuliza kama nalia usiku (nilikuwa nalia). Wiki ya pili akanikokota hadi kliniki nikipiga kelele kwamba niko sawa.

Uliuliza pia mambo ya ule mpira mkubwa wa kukalia wakati wa uchungu na ya kuzalia majini, sivyo? Mpira keti, maji oga.

Sasa mtumie doula wako ujumbe leo. Mkikosana bei, akate leba, arudishe siku kumi, na siku ya tatu, ya tano na ya saba awe mlangoni kwako hata nyumba ikijaa shangazi. Na joto likipanda, damu ikinuka, pedi ikijaa ndani ya saa moja, au kichwa kikipasuka na macho yaone ukungu, usimngoje hata yeye. Panda boda uende. Mama akifika na kuku wake, mwache apike.