Menyu ya kuonja Ufaransa: piga simu kwanza, ule baadaye

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kisauni, Mombasa, anayesoma Aix-en-Provence, karibu na hapa Marseille ninapoishi, aliniandikia: "Dada, wazazi wangu wanakuja kwenye mahafali yangu. Nataka kuwapeleka kwenye bistro ile uliyoweka picha zake, lakini baba hagusi nguruwe, na mama asiposhiba hukasirika. Au ni pesa ya kutupa?" Nilimjibu kwa mkato kwamba si pesa ya kutupa. Kisha nikaona hili linataka maelezo, maana hayuko peke yake. Wengi wetu tuliofika huku tumewahi kusimama nje ya vioo vya vimgahawa hivyo, tukasoma ubao wa chaki, tukapiga hesabu kimoyomoyo, tukaenda zetu kula kebab. Najua mnataka kuingia. Mimi nilitaka kwa miaka.

Basi tuelewane kwanza kuhusu mahali penyewe. Bistro ninayoisema haina zulia wala vitambaa vyeupe mezani. Ni chumba chenye viti ishirini hivi, mpishi na msaidizi wake jikoni, na mhudumu mmoja anayefanya yote mengine. Mtindo huu una historia. Mwaka 1992 Yves Camdeborde, aliyekuwa akipika katika hoteli ya kifahari ya Crillon, alifungua La Régalade kwenye ukingo wa jiji la Paris, akawapa watu upishi wa hotelini kwa bei ya mtaani. Vijana wengi wa jikoni wakafuata njia hiyo, na hapa Marseille tunao tele. Juu kabisa yuko Alexandre Mazzia, mzaliwa wa Pointe-Noire kule Kongo, aliyewahi kucheza mpira wa kikapu na ambaye mgahawa wake ulipata nyota tatu za Michelin, daraja la juu kabisa la kitabu kinachopima migahawa, mwaka 2021. Kwake huletewa visahani vidogo vidogo vingi, moshi na pilipili ndani yake. Huko mimi bado sijafika, na kwa mshahara wangu sioni haraka. Ninaongelea hivi vidogo vya mtaa wa Cours Julien na mitaa ya karibu.

Menyu ya kuonja maana yake ni hii: mpishi ameamua. Asubuhi amenunua samaki kwa kuhesabu watu walioweka nafasi, akapanga sahani tano au sita, na kila mtu chumbani atakula hizo hizo kwa mfuatano ule ule. Ndiyo maana anaweza kukuuzia chakula kizuri bila kukutoza bei ya hoteli, kwa sababu hatupi kitu na hahitaji kuwa na friji ya vitu thelathini. Ni kama kualikwa kwa khalati: huulizwi unataka nini, unaambiwa karibu mezani. Ila khalati anajua usichokula, na huyu hajui. Nafasi yako ya kusema ni moja tu, wakati wa kuweka nafasi. Ukishakaa, imepita.

Hili nalijua kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilikwenda na wifi yangu mahali ambapo sitapataja. Tulipokaa tu, kabla hata ya maji, nilimwambia mhudumu kwa Kifaransa kilichonyooka kwamba hatuli nguruwe. Akatabasamu, akasema, "Madame, hapa tunakula kila kitu." Sahani ya kwanza ilikuja na vipande vya nyama ya nguruwe juu, na ya tatu ilikuwa shavu la nguruwe lenyewe. Wifi akala mkate. Mimi nikala mkate. Meza ya pili watu walikuwa wakitutazama wakidhani tumekuja kufunga. Tukalipa bei kamili, na tulipotoka wifi akaniambia, "Mambo yao waachie wao." Kauli ile ilinikaa kuliko njaa. Na tabasamu la yule bwana, wallahi, nikilikumbuka hata leo mkono unanitoka jasho.

Sikuacha. Kwa nini niache? Nalipa kodi mji huu, watoto wangu wamezaliwa hospitali ya mji huu, na samaki wanaopikwa humo ndani ni samaki, si siri ya ukoo wa mtu.

Safari hii, ilipofika siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu, nilipiga simu siku kadhaa kabla, saa ambayo najua jikoni kumetulia, kati ya mchana na jioni. Nikasema: watu wawili, "sans porc, sans alcool, même dans les sauces", yaani bila nguruwe, bila kileo, hata kwenye mchuzi. Nikaongeza jelatini, kwa sababu vitamutamu vyao vingi hugandishwa kwa jelatini ya nguruwe na wao wenyewe husahau. Nikaongeza kwamba nyama isiyo halali hatuli, kwa hiyo samaki na mboga vinatutosha. Aliyepokea simu alikuwa mpishi mwenyewe. Akanyamaza kidogo, akasema, "Samaki ndio kazi yangu. Njooni." Mnaona? Neno moja lililosemwa mapema.

Kilianza kitu cha kuuma mara moja: panisse, ule unga wa dengu wa Marseille unaopikwa ukaganda, ukakatwa, ukakaangwa. Mtu wa Mombasa harufu hiyo haimpotei. Kisha jodari mbichi aliyekatwa vipande vyembamba, na chumvi na limau. Mume wangu ni Mngazidja wa Komoro, amekua na bahari, lakini samaki mbichi alimtazama kama mtu anayesomewa mashtaka. Alikula. Akamaliza na cha kwangu kilichobaki. Kisha ngisi wadogo waliokaangwa kwa haraka mno hata hawakupata muda wa kuwa wagumu.

Sahani kubwa ilikuwa samaki wanayemwita saint-pierre, nyama nyeupe na nene, juu ya shamari zilizoiva, na mchuzi wa mifupa ya samaki wenye zafarani. Mhudumu aliinama akatuambia kwamba meza nyingine mchuzi huo una mvinyo mweupe, wetu umepikwa kwenye sufuria yake na kukolezwa limau. Sufuria yake! Kwa watu wawili! Nilitaka kumpigia simu wifi pale pale.

Jibini ikaja kabla ya kitamutamu, huo ndio utaratibu wao. Ilikuwa brousse du Rove, laini kama mtindi mzito, ya maziwa ya mbuzi wale wenye pembe ndefu zilizojisokota wanaofugwa vilimani nje ya mji. Tangu 2020 jina hilo linalindwa kisheria Ulaya nzima. Kwetu ina faida ya ziada: maziwa yake hugandishwa kwa siki, si kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, kwa hiyo hata anayejiuliza sana kuhusu jibini anaweza kula kwa raha.

Mwisho aprikoti na krimu ya vanila. Hapo ndipo mume wangu alipochangamka. Kwao Ngazidja wazee wake wamelima vanila, na akaanza kumweleza mhudumu jinsi ua la vanila linavyofunguka asubuhi moja tu, usipolichavusha kwa mkono linaanguka na hupati kitu. Akamwambia kwamba njia hiyo ya mkono aliigundua Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, mwaka 1841, na mpaka leo vanila ya visiwa vyetu huchavushwa hivyo. Mpishi akatoka jikoni kusikiliza, taulo begani. Walizungumza mpaka kahawa ikapoa. Mtu aliyeingia akiwa na wasiwasi kama hata viatu vyake vinafaa alitoka akiwa mwalimu.

Tulilipa euro 58 kila mmoja, karibu shilingi elfu tisa za Kenya. Nilipoweka picha kwenye kundi la familia, shemeji mmoja akaandika: "Elfu kumi na nane kwa majani matatu na kijiko cha mchuzi? Rudini Mwembe Tayari." Wakacheka wote, hata mama. Sikujibu. Naandika hapa. Shemeji huyo alibadilisha simu mara mbili mwaka jana na hakuna aliyemhesabia. Sisi tukila vizuri siku moja tunaambiwa tumesahau kwetu! Ndugu zangu, tuache kuoneana aibu kwenye starehe halali. Anayekwambia meza ile si yako, iwe ni mhudumu au ni ndugu yako wa damu, hakulishi.

Sasa kuhusu pesa, kwa sababu ndiyo mnayouliza zaidi. Nenda mchana. Bistro nyingi zenye menyu ya kuonja usiku huwa na menyu fupi ya mchana kwa bei ya chini sana, mpishi yule yule, samaki yule yule. Bei ya ubaoni ni ya mwisho, kodi na huduma zimo ndani kwa mujibu wa sheria, ukiacha sarafu mbili mezani ni hisani yako. Omba "carafe d'eau", maji ya bomba, ni bure na hawana ruhusa ya kukunyima. Ukikubali tu chupa unayopendekezewa, bili inakua bila wewe kujua. Mvinyo wa kuambatana na kila sahani hauhusiani nasi, lakini ulizia vinywaji visivyo na kileo, siku hizi baadhi wanavitengeneza vizuri. Wengi huchukua namba ya kadi unapoweka nafasi, na usipotokea wanakata pesa. Jumapili na Jumatatu wengi wamefunga.

Na usitegemee karatasi. Sheria ya Ulaya inawalazimu kutaja vitu 14 vinavyoleta mzio, kama karanga, maziwa, mayai, samaki na ufuta. Nguruwe hayumo kwenye orodha hiyo. Mchuzi wa mvinyo utatajwa kwa ajili ya salfaiti, ile kemikali ya kuhifadhia mvinyo, ukibahatika. Kwa hiyo usiposema wewe, hakuna atakayesema kwa niaba yako. Sema mapema, sema kwa simu, na ukifika rudia kusema. Nimeshasema hili mara ngapi? Nitalisema tena, kwa sababu mtasoma picha mkaacha maneno.

Kijana wangu wa Kisauni, wewe fanya hivi. Mahafali ni Ijumaa, basi weka nafasi ya Jumamosi mchana, piga simu leo, maana viti ishirini wakati wa mahafali huisha. Mwambie mpishi kuhusu baba kama nilivyokuandikia hapo juu, neno kwa neno. Akisema haiwezekani, mshukuru, pigia wa pili. Heri akatae kwenye simu kuliko mbele ya mzee wako. Kuhusu mama, mkate huletwa bure na ukiisha huongezwa, mwachie kikapu upande wake. Mwambie pia kwamba chakula kitachukua saa mbili au zaidi, asidhani mmesahauliwa. Shukeni metro kituo cha Notre-Dame du Mont, mkitoka hapo ni mwendo mfupi. Na picha, piga ya wazazi wako. Sahani piga moja tu, chakula kinapoa.