Kurudi kupika pombe ya mtama baada ya miaka mingi

Dada, umesema uliacha kupika pombe watoto wakiwa bado wadogo, na sasa umebaki na mtungi wa bibi na nusu gunia la kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) cha zamani. Unauliza uanzie wapi. Anza kwa kukitupa hicho kimea. Najua inauma, lakini kimea kilichokaa hushika ukungu, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu hapa Dodoma na kule Manyara kupitia mahindi. Hata kuku usiwape.

Otesha kipya, kidogo tu. Loweka mtama usiku kucha, uchuje, ufunike kwa gunia lenye unyevu, kisha uwe unageuza na kunyunyizia maji siku tatu au nne. Kukausha si kazi, jua la Dodoma unalijua. Ukishakauka, pukuta machipukizi na vimizizi vyote. Vina sianidi, ambayo ni sumu, bibi zetu hawakuvipukuta kwa urembo.

Siku ya kupika, uji wa pombe uive kabisa. Halafu usubiri ushuke hadi nyuzi 65 hivi za Selsiasi ndipo utie kimea. Ukikitia uji ukitokota unakiua nguvu, na utamu hutauona. Chachu ingoje uji uwe vuguvugu.

Mtungi ukiwa na nyufa, tumia ndoo ya chakula yenye mfuniko, si ile iliyobeba rangi. Na kama unapika Juni au Julai, baridi ya usiku itachelewesha kuchacha. Usiongeze hamira kwa haraka, ipe pombe siku moja zaidi.