Kwa anayeanza kusanifu kituo cha wageni cha mbao mlimani

Vijana wengi wanaotoka chuoni na kuja kufanya kazi kwetu Moshi huwa na picha ya kituo cha wageni tayari kichwani: paa refu lililochongoka, ukuta mzima wa kioo unaotazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nguzo za mbao ndefu kutoka sakafuni hadi juu. Kabla ya kuichora, panda hadi geti la Marangu mwezi wa Aprili ukae pale kuanzia asubuhi hadi jioni. Uko karibu mita 1,870 juu ya usawa wa bahari, ndani ya msitu. Kilele hukioni kwa sababu miti imekiziba. Hata mjini, siku nyingi Kibo hujitokeza alfajiri, kisha mawingu hukifunika mpaka jioni. Utakachokiona getini ni mvua. Upepo unaisukuma hadi barazani, inagonga ardhi na kuruka, inalowesha miguu ya nguzo. Mvua hiyo ndiyo itakayoamua jengo lako lidumu miaka mingapi, kwa hiyo anza nayo, kioo kitafuata kama pesa zitabaki. Na kioo kikubwa msituni huua ndege.

Baada ya mvua, fuata mbao. Miti ya asili ya mlimani kama mkulo na mpodo usiiweke kwenye hesabu kabisa. Jengo la kumfundisha mgeni thamani ya msitu haliwezi kujengwa kwa mbao za magendo. Utafanya kazi na miti ya kupandwa: paini na saiprasi za mashamba ya serikali, kama lile la West Kilimanjaro kule Siha, au paini ya Sao Hill, Mufindi, ambayo inasafiri mbali zaidi. Upo pia mgrevilea, ambao wakulima wa vihambani, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, huupanda uwe kivuli cha kahawa. Mbao zake zina urembo mzuri, na pesa yake inabaki kijijini. Popote unaponunua, dai hati ya kusafirishia mazao ya misitu na uitunze kwenye faili la mradi.

Mbao za sokoni mara nyingi huja kwa urefu wa futi 12, yaani kama mita 3.6. Ipange ramani yako kwa kipimo hicho. Ukichora ukumbi unaohitaji boriti moja ya mita tisa, umemlazimisha fundi atafute mti mkubwa wa zamani. Kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, iliyounganishwa vizuri kwa bolti na sahani za chuma itavuka ukumbi huohuo kwa mbao za kawaida za inchi mbili kwa sita.

Suala la kukausha ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu ratiba za wakandarasi hulimeza. Paini iliyopasuliwa leo inaweza kubeba maji yenye uzito sawa na wa mbao kavu yenyewe. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, mbao huanza kusinyaa, na husinyaa karibu mara mbili zaidi kufuata duara za mti kuliko kutoka katikati kwenda nje. Hapo ndipo inapopinda na kupasuka. Ikibaki juu ya asilimia 20, kuvu wanaoozesha wanaweza kuishi ndani yake. Nunua mapema, zipange kivulini huku vijiti vikitenganisha kila safu, na uwe na kipimo cha unyevu chako mwenyewe. Kuna jambo la hapa kwetu linalosahaulika: mbao iliyokauka Moshi mjini, kwenye joto, ikipandishwa kwenye ukungu wa getini itavuta unyevu na kuvimba. Zipeleke wiki kadhaa kabla, zizoee hewa ya kule chini ya turubai linalopitisha upepo, ndipo seremala apigilie sakafu.

Kisha chora kila mahali ambapo maji yatakaa, uyaondoe. Kichwa cha mbao kilichokatwa hunyonya maji haraka kuliko ubavu, hivyo kisielekee juu bila kufunikwa wala kisiguse zege. Nguzo isimame juu ya sahani ya chuma iliyoinuliwa kutoka kwenye zege. Upenu utoke mita moja au zaidi. Usimwage jamvi la zege eneo zima. Weka misingi midogo ya nguzo, mizizi ya miti ibaki hai, na sakafu iinuke kiasi cha mtu kutambaa chini yake na tochi akitafuta njia za udongo za mchwa. Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni ambayo mti uliitoa hewani. Ikioza, inarudi hewani, na mnakata miti mingine.

Kuhusu dawa: oili chafu isipakwe. Maji ya pale yanateremka kwenye mifongo, mifereji ya kumwagilia, na kuingia vihambani mwa watu. Dawa zenye aseniki huzuia mchwa vizuri, lakini vipande vinavyobaki vikichukuliwa kuwa kuni, moshi wake ni sumu. Marekani waliziondoa dawa hizo kwenye ujenzi wa makazi mwishoni mwa 2003. Boraksi ni salama zaidi, ila mvua huisafisha, kwa hiyo inafaa tu pale paa lako linapofanya kazi.

Moto usiusahau, mlima uliungua Oktoba 2020 na tena Oktoba 2022. Mbao nene huungua taratibu, chini ya milimita moja kwa dakika, kwa hiyo nguzo nene huwapa watu muda wa kutoka. Tathmini ya athari kwa mazingira ianze mapema, taasisi ya taifa ya mazingira (NEMC) na uongozi wa hifadhi wahusishwe kabla ramani haijakamilika.

Sasa watu. Kila mpanda mlima mmoja anakuja na wapagazi kadhaa, na hao ndio wanaosubiri muda mrefu zaidi, mizigo ikipimwa, mvua ikinyesha. Wape paa pana, benchi, maji ya kunywa na choo chenye hadhi ileile ya watalii. Watoto wa shule wa Marangu na Himo nao ni wageni. Chini ya bati weka dari ya mbao yenye kitu cha kuzuia sauti, vinginevyo mvua ikianza hakuna atakayemsikia mwongozaji.

Mbao za ukuta zifungwe kwa skrubu, ili seremala wa kijijini aweze kutoa moja iliyoharibika bila kuvunja kumi. Siku ya kukabidhi jengo, acha stoo mbao za akiba za vipimo vilevile, na kwenye mkataba mtajwe mtu wa kusafisha gata kila Februari, kabla masika haijaingia.