Kwa ticha wa Mwanza unayeripoti Dubai Agosti hii

Nipo likizo hapa Buzuruga, nilipanga nile sato nilale, ila simu haipoi. Kila anayepata ofa ananitafuta, na maswali ni yale yale, na madudu wanayoenda kuyafanya ni yale yale tuliyofanya sisi. Mwezi wa sita, wiki chache kabla hatujafunga, mdogo wangu mmoja aliyeko shule nyingine kule Dubai ninakofundisha kanitumia picha ya mlango wa darasa lake. Kabandika matokeo ya hesabu, wa kwanza mpaka wa mwisho, majina kamili, tatu bora wana nyota za dhahabu, eti "dada umeonaje?" Nimeonaje! Nikamwambia chukua kiti, panda, bandua hiyo karatasi sasa hivi kabla mzazi hajaipiga picha, maelezo nitakupa jioni.

Maelezo ndo haya, na nimeongezea mengine ili niwe natuma kitu kimoja kwa wote.

1. Vyeti anza navyo leo, usisubiri ofa. Cheti cha digrii kinahitaji mihuri ya Wizara ya Mambo ya Nje na ya ubalozi wao, na foleni hazijali kwamba ndege yako ni Jumanne. Cha polisi cha tabia njema ndo usiwahi sana, kinapitwa na wakati. Na mliotoka Butimba na diploma tusidanganyane, kwa kawaida utaanzia usaidizi wa darasa, u-class teacher wanataka digrii. Usaidizi sio aibu, utajifunza kuliko mwenye darasa lake anayeogopa kuuliza.

2. Mkataba. Ukiona jumla ya dirham usirukeruke, uliza basic, yani mshahara wenyewe bila posho, ni ngapi. Kiinua mgongo kule kinapigwa kwenye basic, siku 21 za basic kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo, na ukiondoka kabla ya mwaka hupati kitu. Kuna shule inakuandikia posho nene na basic nyembamba, unacheka wakati wa kusaini, unalia wakati wa kuondoka. Matazamio, yani kipindi cha majaribio kazini, hayazidi miezi 6 kisheria. Viza ni gharama ya mwajiri, kwa hiyo wakala anayekuomba hela ya viza mkiwa mmekaa mgahawani Nyegezi, maliza soda yako unyanyuke. Pasipoti inakaa kwako.

3. Kabla ya intavyuu soma ripoti ya KHDA ya hiyo shule, hao ndo wathibiti ubora wa shule binafsi za Dubai na ripoti zao ziko wazi mtandaoni. Ukimtajia mkuu jambo moja la kwenye ripoti ya shule yake ameshakupenda nusu.

4. Foniksi, yani kufundisha kusoma kwa sauti za herufi. Hapa ndo tunapoaibika wengi, maana sisi tumesoma na kufundisha kwa silabi, ba be bi bo bu, darasa zima kwa sauti moja mpaka bati linatetemeka. Kule mtoto wa miaka 5 anaunganisha sauti moja moja, s, a, t. Ukimtamkia "sa" na "ta" atakuja kusoma "sata" na kosa ni lako. Sauti ya m ni midomo imefungwa, mmmm, basi, usimwekee u mwishoni. Na sisi wa Kanda ya Ziwa tuna kesi yetu nyingine ya r na l ambayo mnaijua. Msaidizi wangu, mama mmoja Mfilipino mpole sana, alinivuta pembeni akanionesha madaftari ya meza moja, watoto wote sita wameandika "lain", na nje mvua yenyewe hainyeshi. Walikuwa wananiandika mimi nilivyotamka. Tulicheka, afu nikaenda chooni nikajifungia na kioo.

5. Haya sasa, kutangaza nafasi. Nikisema bandueni najua ninachosema kwa sababu mi sikubandika, mi nilisoma kwa sauti.

Ilikuwa muhula wangu wa kwanza, Mwaka wa 4, yani watoto wa miaka minane, tisa. Nikatoa mtihani wa hesabu, nikasahihisha usiku, nikapanga majina, asubuhi nikasimama mbele kama nilivyosimamiwa mimi mstarini tangu darasa la kwanza. Namba moja, asimame, makofi. Namba mbili, makofi. Nilikuwa na furaha jamani, nilijiona mwalimu kweli kweli. Kwetu mtoto asiposomewa nafasi mzazi anakufuata, "mwalimu mwanangu wa ngapi?" Hata NECTA walipotoa matokeo ya kidato cha nne Januari 2023 bila kumi bora watu walilalamika. Kwa hiyo mi kichwani hiyo ilikuwa sehemu ya kazi, kama kuita majina.

Kuanzia kumi na tano hivi makofi yakaanza kupungua, na mi sikushtuka. Kuna binti akanyoosha mkono akaniuliza, kwa adabu kabisa, kwa nini nawaambia maksi za wenzao. Nikamwambia ili mjitahidi, kaa chini. Nikaendelea mpaka wa mwisho. Wa mwisho alikuwa kijana mmoja mgeni, alikuja Septemba hajui Kiingereza karibu kabisa, mkimya, ananikumbatia kila asubuhi mlangoni. Hakulia. Alichukua kifutio akaanza kufuta ile namba niliyoandika juu ya karatasi yake, nimeandika kwa peni nyekundu, haifutiki, anafuta tu, anafuta, mpaka karatasi ikatoboka akaendelea kufuta meza. Mi nikampa karatasi safi nikasema tuendelee na somo. Ndo nilichofanya. Karatasi safi.

Jioni barua pepe ya mama yake ikaingia, nakala kwa mkuu wa msingi. Haikuwa na tusi hata moja, bora angenitukana. Kesho yake nikaitwa, mkuu yupo, na anayehusika na ulinzi wa mtoto yupo, na ile karatasi yenye tundu ipo mezani. Nilijiandaa kujitetea kwamba sijampiga, sijamtukana. Hawakuniuliza hayo. Mkuu aliniuliza huyu mtoto ameshindwa nini. Nikasema hesabu. Akasema hesabu ipi? Nikakaa kimya. Akanisogezea karatasi nisome mwenyewe, na hapo ndo nilitamani sakafu inimeze, maana kujumlisha alipata zote, kuzidisha zote, hesabu za sehemu alikosa moja. Alichokosa ni mafumbo, yale ya maneno, yote, kwa sababu hakuweza kuyasoma. Mtoto alikuwa anajua hesabu kuliko nusu ya waliopigiwa makofi, na mi mwalimu wake muhula mzima sijui, nimemsahihishia kwa mkono wangu na sikuona, nilikuwa natafuta jumla nimpange.

Nilipewa onyo la maandishi na nikamaliza matazamio roho mkononi. Mama yake nilimuomba radhi ana kwa ana, alinisikiliza, hakusema sawa. Kijana alisogezwa darasa la jirani na sikulalamika. Mlangoni aliendelea kunipungia mkono lakini kukumbatia kukaisha.

Kwa hiyo mdogo wangu, tatizo sio nyota ya dhahabu. Darasa la watoto mia na ishirini pale Igoma unafundisha kundi, huna namna, mwalimu anayeliweza lile darasa namvulia kofia. Kule una watoto ishirini na kitu, na unaulizwa mmoja mmoja, huyu amekwama wapi na umemfanyia nini. "Ajitahidi" sio jibu. Nafasi inakupa uvivu wa kutoangalia.

6. Vidogo vidogo. Picha za watoto haziendi status, hata mgongo, hata kama wamependeza siku ya utamaduni. Mkono usimguse mtoto kwa hasira, kwetu kanuni zinazungumzia viboko visivyozidi 4, kule kuvuta sikio tu unaweza kupandishwa ndege. Namba yako ya simu usimpe mzazi, atakuuliza homuweki saa nne usiku. Mlango wa darasa uko wazi na mkuu ataingia bila taarifa akae dakika kumi, usibadilishe somo ghafla kuanza kuimba, anajua. Usipoelewa kitu kikaoni uliza hapo hapo, sisi tuna ugonjwa wa kuitikia "yes" afu tunaulizana WhatsApp usiku. Dagaa wa Kirumba kula, ila kaanga Jumamosi dirisha wazi, fleti mnashea.

7. Hela. Mshahara wa kwanza unaingia mwisho wa mwezi na kuna shule inakuhesabia kuanzia siku uliyoripoti, ukiripoti katikati ya Agosti unapata nusu, na nusu hiyo ina nauli, shuka, sufuria na laini ya simu ndani yake. Nenda na akiba. Na waambie nyumbani mapema, kabla hujapanda ndege, waambie na mjomba, maana nawajua, ukifika tu Dubai kuna fundi wa bati huku Kishiri ameshapewa advansi kwa jina lako.