Nunueni matanki kwanza

Swali lenu la wiki hii: Serikali ikitenga fedha za kuinua zabibu ya Dodoma, aanze kupewa nani, mkulima au mwenye kiwanda cha mvinyo? Mimi nauza vinywaji kwa jumla hapa Tabata, kulima silimi. Ila shemeji yangu ana mizabibu Mpunguzi, kule Dodoma, na msimu wa mavuno ukifika malalamiko yote nayapata kwenye simu. Jibu langu: asipewe yeyote taslimu. Yanunuliwe matanki ya kuhifadhia zabibu iliyokamuliwa.

Zabibu ya mvinyo haingoji mtu. Ikishaiva, ukichelewa inapasuka, nyigu wanaivamia, inaanza kuchachia mtini. Na Dodoma wanavuna kwa mkupuo, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mpunguzi wanavuna, Hombolo wanavuna, Chinangali nao hivyo hivyo. Mnunuzi anajua. Anakwambia tu "tumejaa, subiri kidogo," na baada ya hapo bei anapanga yeye. Kuna msimu shemeji aliacha watoto wa jirani waingie na ndoo wajichumie, maana kibarua wa kuvuna angemlipa kwa hela gani?

Sasa wakulima wakiwa na mashine ya kukamua na matanki ya chuma kisichoshika kutu, wanauza mchuzi wa zabibu, yaani maji yake yaliyokamuliwa ya kutengenezea mvinyo, badala ya zabibu. Mchuzi ukitunzwa vizuri unakaa miezi, na mwenye mali anaweza kusema "bei hiyo sitaki." Kugawa miche kabla ya hapo ni kuongeza zabibu za kuozea shambani. Miche bora na kinga ya ugonjwa wa ubwiri unga ni kazi ya watafiti wa TARI Makutupora, kituo cha Serikali cha utafiti wa kilimo, waongezewe bajeti yao, basi.

Mtasema viongozi wa ushirika wa wakulima watazila fedha hizo. Inawezekana. Ndiyo maana nataka alipwe muuza matanki moja kwa moja, hela isipite mkononi mwa kiongozi yeyote. Lakini msinirudishe kwenye kiwanda cha Serikali. DOWICO, kampuni ya mvinyo ya Serikali pale Dodoma, tuliiona ilivyokufa.

Wenye viwanda nao hawajatupwa. Mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu ya nchini unatozwa ushuru mdogo kuliko mwingine, na huo ni msaada tosha. Wanachokosa nakiona dukani: mteja anachukua chupa ya Afrika Kusini kwa sababu ya mwezi huu na ya mwezi ujao ladha ni ile ile. Zetu baadhi, leo tamu, kesho kama siki. Hapo ruzuku ilipe wataalamu na maabara, si mabango ya matangazo pale Mwenge, Dar es Salaam.

Kwa wanaouliza kwa nini kodi zao zikatengeneze pombe, hoja yao naiheshimu. Waombe fungu la juisi, tena mimi nitakuwa wa kwanza kuiuza.

Na kama fedha hizo zitakuwa mkopo, marejesho yaanze mchuzi ukishauzwa. Na kwa anayekopa ili apande, mzabibu mpya unataka kama miaka miwili kabla ya kumlipa mtu. Benki inayodai baada ya miezi mitatu inamtaka mkulima auze mbuzi.